Mrejesho: Bangkok hadi Chiang Mai kwa usafiri wa wenyeji

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza iwapo mgeni asiyejua Kithai anaweza kuzunguka Thailand bila kukodi gari wala kupanda ndege. Anaweza, ingawa ushauri wenu wa kupandia treni Hua Lamphong, kituo cha zamani cha Bangkok, sasa unafaa kwa sehemu tu: tangu Januari 2023 treni za usiku za Chiang Mai huondokea kituo kikubwa cha Krung Thep Aphiwat, ilhali Hua Lamphong imebakiwa na treni za kawaida, zikiwamo za daraja la tatu zinazopita mji wa Ayutthaya, ambazo zina feni na madirisha wazi na ambazo nauli yake ni ndogo mno. Katika treni za usiku, kitanda cha chini ni kipana kuliko cha juu, na kina dirisha, nawasihi mkiwahi.

Ndani ya Bangkok, boti za mfereji wa Saen Saep zilinifaa kuliko teksi, kwa kuwa hazijui foleni, japo aliyeketi pembeni hulazimika kuvuta turubai ili asirushiwe maji, ambayo kwa kweli hayanukii.

Chiang Mai kuna magari mekundu yenye mabenchi mawili yanayotazamana, mfano wa chai maharage za zamani za Dar es Salaam. Mengi hayana njia maalumu: unamtajia dereva uendako, naye hukubali au hukataa kulingana na abiria alionao. Bajaji zao ni ghali zaidi, na bei hupatanwa kabla ya kupanda.