Ukaguzi wa AS9100 umekaribia: karakana ndogo ya Tanga ianzie wapi?

Fundi wa Chumbageni

Assalaam aleikum, na habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa ubora katika karakana ya kukereza vipuri hapa Tanga. Kwa miaka mingi tumeishi kwa pini, bushi na shafti za mashine za korona, yaani zile za kutenganisha nyuzi za mkonge na majani yake, katika mashamba ya mkonge, kazi ambayo kosa dogo la kipimo humalizwa kwa tupa na mashine ikaendelea kunguruma. Sasa tumepata mteja wa nje anayetaka pini za chuma na bushi za alumini kwa ajili ya vifaa vya ndege. Ametupa oda ndogo ya majaribio, na kwa oda zitakazofuata ameweka sharti la cheti cha AS9100, kiwango cha usimamizi wa ubora kwa watengenezaji wa sekta ya anga.

Ukaguzi wa hatua ya kwanza utafanyika baada ya wiki sita. Taratibu zetu zote nimeziandika upya, zimejaza mafaili manne, lakini kila nikizisoma naona kama zinaeleza karakana ya watu wengine. Naomba wenye uzoefu mniambie mkaguzi huanza kutazama nini, na kwa muda huu mfupi nguvu zetu tuzielekeze wapi.

Mkaguzi Mstaafu

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Wasiwasi wako una msingi. Toleo D la AS9100, lililotoka mwaka 2016, limebeba matakwa yote ya ISO 9001, kiwango cha jumla cha usimamizi wa ubora, ya mwaka 2015 na kuyaongezea ya sekta ya anga, yakiwemo usalama wa bidhaa, kuzuia vipuri bandia na udhibiti wa matoleo ya michoro. Katika hatua ya kwanza mkaguzi hutaka kujua kama mko tayari kukaguliwa, kwa hiyo ataomba ripoti za ukaguzi wa ndani, kumbukumbu za mapitio ya menejimenti, na takwimu zenu za kufikisha mzigo kwa wakati na za vipande vilivyokataliwa. Ikiwa mkurugenzi wenu hajawahi kuketi katika kikao cha mapitio hayo, mwiteni wiki hii, wala msimwandikie dondoo za kikao ambacho hakikufanyika.

Hatua ya pili hufanyika karakanani, na huko mafaili manne hayatamjibu mtu. Yaweke kando kwa siku moja. Nenda stoo, chukua pini moja iliyokwisha kufungwa, kisha rudi nayo nyuma hatua kwa hatua: nani aliipima, kwa maikromita (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi) namba ngapi, maikromita hiyo ilifanyiwa ugezi, yaani kuhakikiwa usahihi wake, lini na maabara gani, fundi alifuata toleo lipi la mchoro, chuma kilikatwa katika ufito upi, namba ya tanuri ya ufito huo (namba ya fungu la chuma lililoyeyushwa pamoja) ni ipi, na cheti cha kiwanda kilichouyeyusha kiko wapi. Mkaguzi atafanya hivyo hivyo, na pale uzi utakapokatika ndipo atakapopiga kambi.

Binti Pongwe

Naongezea la vipimo, kwa sababu ndilo linalotuumiza sisi watu wa pwani. Vipimo vya kwenye mchoro huhesabiwa katika nyuzi joto 20, nasi hapa mchana tunafanya kazi katika 30. Pini ya chuma ikipimwa kwa maikromita ya chuma, vyote viwili vikiwa vimepoa hadi joto moja, tofauti hujifuta kwa sehemu kubwa. Bushi za alumini ndizo zenye mtego, maana alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Bushi yenye kipenyo cha milimita 80, ikipimwa kwa maikromita hiyo hiyo ya chuma, itasomeka kubwa kwa takriban milimita 0.009 kuliko ilivyo, na kama mchoro umeruhusu tofauti ya milimita 0.019 tu, karibu nusu ya nafasi yako imeliwa na jua la Tanga. Tengeni chumba kidogo chenye kiyoyozi, acheni vipande vilale humo pamoja na vifaa vya kupimia kabla ya kupima, na andikeni joto la chumba kila mara.

Chumvi ya baharini nayo haina huruma. Nimewahi kufungua kisanduku cha geji zilizotoka kwenye ugezi miezi mitatu kabla, nikakuta uso wa moja umeota vidoa vya kutu. Cheti chake kilikuwa bado hai, lakini geji yenyewe haikuwa ya kuaminiwa tena.

Fundi Ngamiani

Mimi nawaonya kuhusu ndoo iliyo chini ya meza. Katika karakana niliyofanyia kazi zamani, mkaguzi aliinama, akaokota bushi mbili humo, akauliza ni nzima au mbovu, na mafundi wawili wakampa majibu mawili. Kiwango hiki kinataka kipande kilichoamuliwa kutupwa kiwekwe alama ya kudumu inayoonekana, au kidhibitiwe kwa uhakika, mpaka kitakapoharibiwa kisiweze kutumika. Kwa hiyo kateni kwa msumeno kabla muuza chuma chakavu hajafika. Vilevile msifiche vibovu siku ya ukaguzi, kwani karakana isiyo na kipande kibovu hata kimoja humtia mkaguzi shaka zaidi.

Fundi wa Chumbageni

Nawashukuru sana. Jana nilifanya kama Mzee Mkaguzi alivyoelekeza. Kadi ya kazi ilikuwepo, mchoro ulikuwa wa toleo sahihi, maikromita ina cheti. Uzi ulikatika kwenye chuma. Muuzaji alikuwa ameandika namba ya tanuri kwa rangi kwenye ncha moja tu ya kila ufito, na kijana wetu akaanza kukata kwenye ncha hiyo hiyo. Fito zilizobaki zimeegemezwa ukutani pamoja na chuma cha kazi za korona, na kwa macho havitofautiani. Vyeti ninavyo, ila sina njia ya kuonyesha kwamba pini hizi zimetokana na chuma kilichoandikwa humo. Kuna pini 38 stoo. Je, zinaweza kuokolewa?

Mkaguzi Mstaafu

Kwa mteja huyo haziwezi kwenda kama zilivyo. Zitengeni, ziwekeeni alama, na kuanzia leo namba ihamishiwe kwenye kipande kinachobaki kabla msumeno haujagusa chuma. Je, kuna pini za fito hizo zilizokwisha kusafirishwa?

Fundi wa Chumbageni

Zipo 12. Ziliondoka mwezi uliopita.

Mkaguzi Mstaafu

Basi andika barua kwa mteja leo hii, uieleze idadi, tarehe na kilichotokea, na nakala yake iwe juu kabisa katika faili utakalompa mkaguzi.