Naomba ushauri: shangazi anasema nimepita tarehe

BintiWaBombo:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina duka la rejareja hapa Bombo, Uganda, mzigo nachukua Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala. Maswali yangu ni mawili, na kwangu yamefungamana.

La kwanza ni la duka. Pakiti nyingine zimeandikwa "Best before", nyingine "Use by", nyingine EXP tu na tarehe. Wateja wengi wanaona zote ni mamoja: siku ikipita, sumu. Wengine ndiyo kwanza wanakuja kuomba bei ishuke. Biskuti na majani ya chai vikipita wiki moja nifanyeje? Nitupe, nitumie nyumbani, au niuze?

La pili ni la nyumbani. Nina miaka 36 na sijaolewa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenilea na namheshimu sana. Siku hizi akinikuta napanga rafu anasema mbele ya watu: "Hizo unaziondoa, na wewe je? Tarehe yako si imepita zamani?" Watu wanacheka. Inaniuma sana. Siwezi kumjibu kama mtu wa rika langu, na kunyamaza nako kumenichosha. Nimwambie nini, na nipitie kwa nani?

MamaTwaha_Jinja:
Pole mwanangu. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa ubora kiwandani, acha nianze na rafu.

"Best before" ni ahadi ya mtengenezaji kuhusu ubora. Anakuambia mpaka siku hii biskuti itakuwa na ladha na ukavu aliokusudia. Ikipita inaweza kulegea au kupoteza harufu, lakini kama pakiti haijafunguka na ilikaa pakavu, kwa kawaida haimdhuru mtu. "Use by" ni habari ya usalama: maziwa freshi, nyama, samaki. Hapo usijaribu kunusa ndipo uamue, kwa sababu vijidudu vingine vinavyoleta maradhi havibadilishi harufu wala ladha. EXP ichukulie kama "Use by". Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula vya FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya), vinatenganisha mambo hayo mawili, na mapitio ya mwaka 2018 yaliyaweka wazi zaidi. Sukari na siki, kwa viwango hivyo, si lazima viwe na tarehe ya namna hiyo.

Maziwa ya unga ya watoto wachanga usiyaongezee hata siku moja. Virutubisho vyake hupungua, na mtoto yule hana chakula kingine. Kopo lililovimba tupa hata kama tarehe yake ni ya mwaka kesho, maana linaweza kuwa na sumu ya botulizimu. Tena kumbuka, tarehe yoyote ni ya pakiti iliyofungwa na kutunzwa inavyotakiwa. Maziwa yaliyopigwa jua kwenye boda tangu asubuhi hayaokolewi na tarehe.

Kuuza kilichopita, hapana. Wakaguzi wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, huondoa bidhaa hizo madukani, na mkaguzi akizikuta rafuni hatakusikiliza ukieleza ni "Best before" au nini. Chai hiyo kunyweni nyumbani. Mzigo mpya uweke nyuma, wa zamani mbele, na zungumza na msambazaji mapema, tarehe ikiwa bado mbali. Anayefuta tarehe na kupiga nyingine usinunue kwake kitu chochote, hata sabuni.

MwalimuGulu:
Mimi nafundisha Kiswahili, nitagusa la pili.

Msemo huu wa kumwambia mtu amepita tarehe umetoka kwa Waingereza, na kwao tarehe yenyewe ilikuwa ya wauzaji, "sell by", yaani mwisho wa kuuza. Maduka ya Marks & Spencer yalianza kuitumia kwenye stoo miaka ya 1950, kisha ikaonekana rafuni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilimsaidia mfanyakazi kujua mzigo upi utoke kwanza. Mnunuzi ndiye aliyekuja kuisoma kama hukumu ya chakula. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilishauri tarehe hizo za kuuzia ziondolewe kwenye pakiti, kwa sababu watu walikuwa wanatupa chakula kizima.

Kiswahili kina "kupitwa na wakati", na hilo nalitumia bila wasiwasi. Sheria hupitwa na wakati, mashine hupitwa na wakati: mambo yamebadilika, chenyewe kimebaki palepale. Ukisema mtu kapita tarehe, umemweka rafuni akisubiri mnunuzi. Silipendi kwa mwanamke, wala silipendi kwa mzee aliyestaafu. Swali la kujiuliza ni moja: tarehe hiyo kaipiga nani?

Dereva_Malaba:
Naunga mkono mwalimu. Angalieni kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi za zamani zimeandikwa miaka kumi, lakini tangu Julai 2016 kanuni za WHO zinasema cheti kinafaa maisha yote ya aliyechanjwa, pamoja na zile zilizotolewa kabla. Kuna madereva wanakimbilia kuchanjwa tena kwa sababu ya tarehe waliyoiona tu.

Afande_Mstaafu:
Binti, shangazi yako ana hofu na amekosa njia ya kuisema. Mtu aliyekulea anajiuliza nani atakutunza yeye akiondoka. Usiende mikono mitupu, chukua sukari na sabuni. Nenda kwa baba yako mdogo kwanza, akae nanyi.

Nalongo_Nakawa:
Afande, kwa baba mdogo sikubaliani nawe. Likishafika kwa wazee litaitwa kikao, na shangazi ataona ameshtakiwa na mtoto aliyemlea. Mfuate mwenyewe nyumbani kwake, jioni, mkiwa wawili. Mwambie: "Shangazi, la ndoa niulize hapa hapa, hata kila wiki, nitakujibu. Dukani mbele ya wateja naomba uniachie heshima yangu." Basi. Usimweleze habari za Uingereza.

Na hao wateja wanaocheka, usicheke nao. Mhudumie mtu, mpe chenji yake, endelea na kazi. Shangazi akiona huchangii, naye atapunguza.

BintiWaBombo:
Nimewasikia wote, Mungu awalipe. Nitamfuata Ijumaa baada ya magharibi, mimi na yeye tu. Mama Twaha, moja la mwisho: kuna kina mama hapa wananiletea karanga za kusaga kwenye vikopo visivyo na tarehe yoyote. Nipokee?

MamaTwaha_Jinja:
Usipokee mpaka waandike jina, uzito, siku waliyosaga na mwisho wa kutumia. Kisha waulize karanga walikaushia wapi na walizitunza vipi kabla ya kusaga. Zikikaa na unyevu zinaota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi. Wakikujibu vizuri, waelekeze UNBS wakaulizie alama ya ubora. Ofisi ina utaratibu wa wazalishaji wadogo, waende na kopo moja la mfano.