Garderobe: kabati la nguo au choo? Na kweli watu walitundika majoho chooni?

Mleta mada: Wakuu, hili neno la Kifaransa garderobe linanichanganya. Garde ni kutunza, robe ni vazi, basi ni mahali pa kutunzia nguo, mpaka hapo poa. Sasa nenda kwenye ngome za kale za Uingereza, ukiambiwa hii ndo garderobe unakuta kijichumba ndani ya ukuta, benchi la jiwe lina tundu, mzigo unaangukia handakini, yaani choo kabisa! Halafu waongoza watalii wanakwambia mabwana walitundika majoho humohumo ili ule mvuke mkali wa mkojo ufukuze nondo na viroboto. Mi naona hiyo ni chai. Ni aibu tu, watu walikwepa kutaja choo. Mnasemaje?

Mchangiaji: Usikatae haraka hivyo mkuu. Enzi hizo mafundi wa vitambaa vya sufu walivikanyaga ndani ya mkojo uliolala ili vitoke mafuta. Sasa mtu anayevaa nguo iliyopita kwenye mkojo atashindwa kuitundika juu ya tundu?

Mleta mada: Fundi akimaliza anasuuza bana, we joho lako la sherehe utalisuuza kila asubuhi? Wafaransa wenyewe walikuwa wanasema aller à la garde-robe, kwenda garderobe, na maana yake ni kwenda haja, maana kile kiti chenye tundu kilifichwa chumba cha pembeni, huko huko kwenye nguo. Hata Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, ametumia wardrobe, yaani garderobe ya Kiingereza, akimaanisha shimo la choo. Na sisi je? Msala ni mkeka wa kuswalia, ila ukisema naenda msalani hakuna anayekuuliza kibla kiko wapi. Kesho aje mtalii aandike kwamba Waswahili waliswali chooni, tutakubali?

Mchangiaji: 😂😂 la msala umenimaliza. Ila msisahau hela. Wardrobe ya mfalme Edward I wa Uingereza ilikuwa inalipia vita, ilianza kama chumba cha nguo na vitu vya thamani, pesa nazo zikawa zinalala humo humo, mwisho ikawa ofisi nzima. London jengo la Wardrobe kuu liliungua kwenye moto wa 1666 ila mahali panapoitwa Wardrobe Place papo mpaka leo. Kwa hiyo nguo, hela, choo, chochote cha kufichwa kiliingia humo.

Mchangiaji: Huku Lubumbashi garderobe ni nguo, choo hatukijui kwa jina hilo. Na Wajerumani je? Kwao Garderobe ni pale unapoacha koti ukiingia ukumbini. Kuna jamaa yangu kasoma sana hizo habari za ngome, kafika huko kabanwa kweli, kaona kibao kaingia mbio, yule mama wa kaunta akampokea koti akampa namba.