Mrejesho: ile "saa 0 asubuhi" imepona

Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini programu yangu ya kukumbusha wagonjwa dawa inageuza 06:00 kuwa "saa 0 asubuhi". Mama mmoja alipata ujumbe huo, hakuuelewa, akapitisha dozi. Iliniuma sana.

Tatizo lilikuwa mpakani. Nilikuwa nachukua saa ya kompyuta (h, yaani 0 hadi 23), najumlisha 6, nagawa kwa 12 na kuchukua baki (alama %): (h + 6) % 12. Saa zote zinakaa sawa isipokuwa 06:00 na 18:00. Hapo baki ni 0, na saa yetu haina sifuri. Aliyenishauri nijumlishe 5 kwanza, nichukue baki, ndipo niongeze 1, Mungu ambariki: (h + 5) % 12 + 1. Sasa 06:00 inatoa 12, 07:00 inatoa 1. Nimepitisha dakika zote 1,440 za siku, hakuna iliyokosea.

Tarehe nayo ilisumbua. 00:30 ya Jumamosi ilikuwa ikiandikwa "Jumamosi saa 6:30 usiku", watu wakasubiri hadi Jumamosi iingie giza. Sasa inaandikwa "usiku wa kuamkia Jumamosi, saa 6:30". Hilo nilielekezwa na bibi yangu.