Luwombo yangu inavuja, nakosea wapi?

shangazi_wa_mwanza: Jamani wapishi nisaidieni. Nilienda Kampala kwa wifi yangu nikalishwa luwombo ya kuku na karanga, kile chakula chao cha kufungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, tangu siku hiyo sina raha. Jana nimejaribu mwenyewe, majani nimekata kwa jirani nikafunga vizuri tu, baada ya saa moja nafunua sufuria jani limepasuka kando ya uti, mchuzi wote umeingia kwenye maji na kuku mweupee kama wa mgonjwa. Watoto wamenicheka mpaka leo.

omukopi: Pole dada, hilo jani ulilibabua? Bichi ukilikunja lazima lipasuke. Tafuta changa ambalo upepo haujalichana, uti uchonge kwa nyuma ubaki mwembamba, usitoboe, halafu lipitishe juu ya moto taratibu mpaka rangi igeuke na lilegee kama kitambaa, na harufu yake utaisikia. Sisi Waganda tunaita okubabula, ni kubabua hukohuko. Litandaze kwenye bakuli, tia nyama na mchuzi, kusanya kingo juu kama mdomo wa gunia, funga na kamba ya mgomba. Zile nyuti ulizochonga panga chini ya sufuria, maji yasizipite, luwombo inataka mvuke haitaki kuoga. Na kuku mbanike kidogo kwenye makaa kwanza ndo hatakuwa mweupe. Wa kienyeji mpe masaa matatu. Wazee wanasimulia ilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1887, sasa we unataka saa moja 😂

kaka_mseja: mi natumia foili, maisha yaende

omukopi: @kaka_mseja hiyo sio luwombo, ni kuku wa foili

mama_boyoma: Kwetu Kisangani kuna liboke, samaki na nyanya, kitunguu na pilipili, unafunga na majani ya pori ao ya ndizi na kuweka juu ya makala. Tunapanga majani mbili ao tatu, la inje likiungua la ndani linabakia. Dada na wewe panga mawili.

shangazi_wa_mwanza: Kumbe! Uti sikuugusa, jani moja tu, na maji nilijaza nusu sufuria 🙈 Karanga je, nikaange?

omukopi: Hapana, twanga mbichi, koroga iwe kama uji mzito.

shangazi_wa_mwanza: Haya Jumapili narudia. Shida ni jirani, mgomba wake umebaki mifupa na ameanza kunichungulia dirishani.