Kibanda cha mbao cha bustanini: nikague nini kabla ya kulipa?

Mkazi wa Uyole:
Ndugu zangu, nawasalimu. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba hapa Uyole, nami nakusudia kununua kibanda cha mbao cha mita 3 kwa 4, kiwe chumba cha kusomea na mara mojamoja cha kulaza mgeni. Fundi mmoja amenionyesha kimoja alichokwisha kukiunga uani kwake, kimepakwa vanishi kinang'aa, na anasema atakifungua vipande aje akisimamishe kwangu kwa siku 2. Sijatoa malipo ya awali. Naomba mnieleze nikague nini, maana vanishi huficha mengi.

Mkazi wa Mafinga:
Ndugu yangu, usianze na umbo, anza na ubichi wa mbao. Paina nyingi ya huku Mufindi hupasuliwa leo ikapakiwa kwenye lori kesho, na ikipigiliwa ikiwa mbichi itakaukia ukutani kwako. Mimi nilinunua kibanda cha namna hiyo mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha; ilipofika Agosti, upepo wa kiangazi ulikuwa umezikausha kuta hata nikaweza kupitisha penseli kati ya mbao na mbao, na mlango uliokuwa ukikwama ukawa haufikii fremu. Mwombe fundi kipande kilichobaki: kikiwa kizito kuliko ulivyotarajia na baridi ukikigusisha shavuni, bado ni kibichi.

Kisha kikate katikati. Mbao iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo huonyesha ukijani ulioingia ndani, lakini iliyopakwa kwa brashi ni ya kijani juujuu tu. Hata hiyo ya kiwandani, kila panapopita msumeno papakwe dawa upya. Mabaki yake yasiingie jikoni kabisa, kwa kuwa dawa hizo mara nyingi huwa na aseniki na moshi wake ni sumu.

Mkazi wa Tukuyu:
Sisi tunaoishi na mvua tunatazama chini na juu. Kibanda kikae juu ya nguzo fupi za zege, walau sentimita 30 kutoka ardhini, ili hewa ipite na mchwa akijenga njia yake ya udongo umwone mapema. Upenu nao uwe mpana. Wangu ulikuwa mfupi, maji ya bati yakawa yanadunda chini na kurukia ukuta, na mbao 2 za chini zikaoza huku zilizobaki zikiwa nzima.

Mkazi wa Uyole:
Ahsanteni sana. Nimekata kipande leo: katikati ni cheupe pe, tena kina unyevu. Fundi amekubali kuunga kingine. Je, nimpe muda gani wa kukausha?

Mkazi wa Mafinga:
Kwa mbao za inchi 1 kiangazi hiki, mpe miezi 2. Zipangwe kivulini zikiwa zimeinuliwa, na kila safu itenganishwe kwa vijiti. Upite kuziona mwenyewe.