Mgao wa AI wa ofisini unakwisha kabla ya mwezi: tokeni zinakwenda wapi?

nukta_mkato
Wakuu, salaam. Timu ya watu 8, mwajiri katulipia Claude Code (msaidizi wa AI wa kuandika programu, wa Anthropic) kwa ufunguo mmoja wa API wa kampuni. Bajeti ya mwezi inakata wiki ya tatu, na hata kabla haijakata tunapigwa kosa la 429 karibu kila mchana. Kila mtu anaapa kwamba yeye hatumii sana. Naomba kujua: kinachokula ni nini hasa? Kila mtu akipewa ufunguo wake, 429 itakoma? Na je, tuhamie modeli ndogo kwa kila kazi?

kisima_cha_logi
Tenganisha mambo mawili kwanza, maana dawa zake hazifanani. 429 ni suala la kasi: maombi au tokeni (vipande vidogo vya maandishi vinavyohesabiwa kama matumizi) nyingi mno ndani ya dakika. Bajeti ni pesa. Unaweza kuwa na pesa tele na bado ukapigwa 429.

Funguo hazitasaidia. Kwa Anthropic viwango vya kasi vinapimwa kwa shirika zima, au kwa workspace (fungu la funguo ndani ya akaunti ya kampuni) ikiwa msimamizi ameiwekea kiwango chake. Mkigawana funguo 8 mnachota kisima kile kile kwa ndoo nane. Faida yake ni moja tu, ila kubwa: kwenye dashibodi utaona ndoo ya nani haina mwisho.

Jibu la 429 huja na `retry-after`, yaani sekunde za kusubiri. Skripti inayorudia ombi papo hapo inakutana na ukuta ule ule. Angalieni pia nani anaendesha mawakala (AI inayofanya kazi yenyewe hatua kwa hatua) watatu wanne kwa mpigo. Mchana ndipo wanapogongana. Na mkiona 529 badala ya 429, hilo si lenu. Seva za upande wa pili zimeelemewa, hata mkijibana vipi halitaondoka.

tabu_nne
Kinachokula ni mazungumzo marefu. Modeli haikumbuki kitu: kila zamu (ombi na jibu lake), historia yote inatumwa upya. Piga hesabu. Tuseme mnaanza na tokeni 20,000 (maelekezo ya mfumo, maelezo ya zana, na CLAUDE.md, faili ya maelekezo ya mradi), na kila zamu inaongeza 4,000. Zamu 30 katika mazungumzo mamoja zinatuma jumla ya tokeni 2,340,000. Zamu hizo hizo 30 zikikatwa mara tatu, kumi kumi, ni 1,140,000. Kazi ile ile, chini ya nusu. Kwa hiyo suala likiisha, piga `/clear`, amri ya kufuta historia na kuanza upya. Usianze kurekebisha fomu ya malipo ndani ya mazungumzo yaliyokuwa ya hifadhidata.

Kisha andika `/context` uone kilichojaa. Mara nyingi ni seva za MCP (zana za nje zilizounganishwa) ambazo hakuna anayezitumia, au CLAUDE.md iliyogeuka kitabu. Faili hiyo inabebwa kila zamu, kwa hiyo kila mstari ujiulize unafanya nini humo.

kisima_cha_logi
Niongeze matokeo ya terminali, maana hapo ndipo watu wanavuja bila kujua. Wakala akiendesha majaribio yakamwaga mistari 3,000, yote inaingia kwenye mazungumzo na kubebwa hadi mwisho. Kwa Python mwelekeze atumie `pytest -q -x --tb=short`, na akirudia aweke `--lf` ili yaendeshwe yaliyoanguka tu.

Wengi hukimbilia `| tail -n 40`, ibaki mistari 40 ya mwisho tu. Inafaa, lakini ina mtego: kwenye bash, hali ya kutoka (namba inayosema amri imefaulu au la; 0 ni imefaulu) inayorudishwa ni ya `tail`, si ya majaribio. Majaribio yameanguka, wakala anapokea 0 na kukwambia kila kitu ni salama. Weka `set -o pipefail` mwanzoni mwa amri, ili kuanguka kwa majaribio kusifichwe.

Faili ndefu zinazotengenezwa na zana, kama `package-lock.json`, zipige marufuku kwenye `permissions.deny` ya mipangilio: `Read(./package-lock.json)`. Wanaotumia Cursor (kihariri kingine cha AI) wana `.cursorignore`.

nusu_koloni
Kuhusu modeli ndogo kwa kila kitu, mimi napinga. Modeli ndogo ikikosea mara tatu, kila kosa linabaki kwenye historia na kila sahihisho ni zamu mpya. Hapo umeokoa nini? Ipe kazi ambazo jibu lake linathibitika upesi: kubadili majina, kuandika majaribio ya fomula inayojulikana, kueleza faili. Kosa la nyuzi mbili za programu kugongana kwa wakati mmoja (race condition), au kupanga muundo, mpe kubwa moja kwa moja.

Na usibadilishe modeli katikati. Kashe (historia iliyohifadhiwa ili isichakatwe upya kila zamu) ni ya modeli moja. Tokeni zinazosomwa kutoka kashe zinatozwa sehemu ya kumi ya bei ya kawaida, na kwa modeli nyingi za Claude hazihesabiwi kwenye kiwango cha tokeni zinazoingia kwa dakika, kwa hiyo hata 429 inapungua. Ukibadilisha modeli kwa `/model` kwenye zamu ya 25, historia yote inasomwa upya kwa bei kamili, tena kuiandika kwenye kashe kunazidi bei hiyo kwa robo. Badilisha ukishapiga `/clear`.

Halafu mmeangalia CI (mfumo unaokagua na kujaribu msimbo wenyewe)? "Kila mtu hatumii sana" mara nyingi maana yake anayetumia si mtu. Roboti ya kukagua mabadiliko inayoamka kila push (mtu akipandisha mabadiliko ya msimbo) inakula bajeti ile ile. Kwenye GitHub Actions weka `concurrency` pamoja na `cancel-in-progress: true`, ili push tano za haraka zisizae ukaguzi tano kamili. Na ipewe workspace yake yenye kikomo chake cha matumizi: ikiishiwa, iishiwe peke yake.

nukta_mkato
Shukrani wakuu. La CI sikuliwaza kabisa, naliangalia leo. Moja tu: kama kazi haijaisha ila mazungumzo yamejaa, ni `/compact` au `/clear`?

tabu_nne
`/compact` nayo ni ombi: inasoma historia yote ili iifupishe, na muhtasari hudondosha vitu vidogo kama jina la kigezo mlichokubaliana kisiguswe. Ukiipiga, iambie cha kubakiza: `/compact bakiza maamuzi ya skima na majaribio yanayoanguka`. Kwa kazi ya siku mbili tatu napendelea wakala aandike `mpango.md`: kilichofanyika, kilichobaki, faili zinazohusika, amri ya majaribio. Mistari 30 inatosha. Kisha `/clear`, na mazungumzo mapya yaanze kwa kuisoma.

kisima_cha_logi
Na mgao ukikata, asije mtu akaingiza akaunti yake binafsi kwenye repo (hazina ya msimbo) ya kampuni. Mkataba wa data ni wa akaunti ya kampuni; akaunti binafsi ina masharti mengine, pamoja na mpangilio wa kuruhusu mazungumzo yatumike kufunzia modeli. Mpelekee msimamizi picha ya dashibodi yenye mgawanyo wa kila ufunguo, umwombe aongeze kikomo.